Mama Alipochoshwa na Mchezo Wake

Mchezo ulitangazwa kuanza saa nane kamili mchana, kwa hiyo saa tisa kasorobo mtu wa pazia alikuwa bado juu ya ngazi akihangaika na kamba, na watazamaji wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Fundi cherehani alikuwa ameketi mstari wa pili. Mchezo uliitwa *Mgongo wa Mwana*. Kaka yake ndiye aliyeutunga, akauongoza, na akajipa nafasi ya mhusika mkuu, maana hakupatikana mwingine wa kuijua huzuni yake kama yeye mwenyewe.

Saa tisa na dakika tano mama yao akaingia. Alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, na alivaa gauni la bluu alilozikwa nalo. Mkaguzi wa tiketi alimsimamisha mlangoni.

"Tiketi yako, mama?"

"Mimi ni marehemu."

"Marehemu yupi? Leo tuna mmoja tu."

"Ndiye mimi."

Mkaguzi alipitisha kidole kwenye orodha ya wageni, akakuta kweli jina lipo. Akampa pole ya msiba, akamwonyesha kiti.

Fundi akaondoa mkoba wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe mmejaa."

Mama aligeuza shingo huku na huku akiijaribu, kwani miaka yake minne ya mwisho shingo ile haikugeuka. Kiharusi kilimlaza kama gogo, na ulimi kikaufunga. Miaka hiyo yote fundi alihamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa. Alishona saa ikiwa mbele yake, na kila baada ya saa mbili alimgeuza asipate vidonda. Alimlisha uji kwa kijiko cha chai, akabadilisha shuka, akafua, akaanika, akarudi kugeuza. Mchumba wake alisubiri mwaka na nusu, kisha akaoa kwingine, na hakuna aliyemlaumu. Kaka alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alilia sana, ikabidi abembelezwe. Mara ya pili alikuja na daftari.

Pazia lilifunguka upande mmoja, likagoma wa pili. Kaka akatokea amembeba mgongoni mwigizaji aliyeigiza mama, mwanamke mnene, akaanza kuzunguka naye jukwaani huku akisimulia jinsi alivyokesha. Mama wa jukwaani hakuwa na kiharusi. Alikuwa na methali. Kila hatua tatu alitoa moja, akambariki mwanawe, halafu akakohoa kidogo ili watu wasisahau kwamba ni mgonjwa.

"Yule nani?" mama akanong'ona.

"Ni wewe."

"Mbona ana maneno kama kasuku?"

"Kaka ndiye aliyekuandikia."

Katika onyesho la pili msichana mmoja aliingia na beseni, akaliweka chini, akatoka. Fundi akafunua ratiba, akayafuata majina kwa kidole mpaka chini kabisa. *Mbeba Beseni*. Miaka minne ilikuwa imechukua kama sekunde sita, na beseni lenyewe halikuwa na maji.

Onyesho la tatu lilipoanza, kaka akiwa bado anazunguka na jasho linamtiririka, mama akasimama. "Twende zetu."

Fundi alihisi moyo unamruka kwa furaha. Wakapita mbele ya magoti ya watu, samahani, samahani, mpaka nje. Huku nyuma, kwa kuwa mama mwenyewe ameondoka, sauti ya mama wa jukwaani ilikatika katikati ya methali. Mdomo ulifunguka na kufumbika bila kutoa kitu. Watazamaji wakajua ndiyo sanaa. Mgeni rasmi, aliyefika dakika hiyohiyo, alisema baadaye kwamba ukimya ule ulimgusa kuliko maneno yote ya mchezo, na hakusema uongo, maana hakuwa amesikia mengine.

Wakaketi kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi.

"Umeona, mama?"

"Nimeona."

"Hata jina hakupewa. Beseni tu."

"Nani?"

"Mimi, mama. Yule wa beseni ni mimi."

Mama akafikiri. "Alilishika vizuri," akasema.

Fundi akamgeukia. "Sasa wewe umetoka kwa nini?"

"Nyonga inauma. Na mchezo ni mbaya, mwanangu, tusidanganyane. Kaka yako hajui kutunga tangu shule." Akashusha pumzi, ingawa hakuihitaji. "Lakini amekonda. Nani anampikia?"

"Ana mke."

"Hata kama."

"Mama, nilikugeuza mara kumi na mbili kwa siku."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Basi kaseme. Leo ulimi unao. Panda pale juu useme."

Mama alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama kibarua aliyemaliza kazi vizuri lakini bado hajaondoka. "Mwenzio asiposifiwa anaugua. Wewe una kazi yako ya mikono. Na viti viwili vitupu pale mbele vitamvunja moyo. Rudi ukampigie makofi. Mimi nina udhuru, nimekufa."

"Sirudi."

Hakuwahi kumwambia mama yake neno hilo, akiwa hai wala mfu. Mama hakukasirika. Alijipangusa gauni, akainuka. "Haya. Basi nitarudi mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Akaingia. Punde sauti ya jukwaani ikasikika tena, ikaimalizia ile methali. Fundi akaenda nyumbani kwa miguu.

Asubuhi kaka alipiga simu.

"Mama alikuja jana."

"Najua."

"Alikaa mpaka mwisho. Yeye ndiye wa kwanza kusimama kupiga makofi. Mtu amekufa, dada, na amepata nafasi. Wewe uliye hai unashindwa kukaa saa mbili?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni.

"Sasa tutaonyesha kila Jumamosi, na amesema hatakosa hata moja. Ila ngazi za mlangoni zinamtesa. Nimekuwekea kiti kando yake, uwe unamshika mkono. Wewe umeshamzoea."

Jumamosi iliyofuata, saa nane kasoro dakika kumi, fundi alikuwa amesimama langoni na mto mnene wa kukalia kwapani. Mama alichelewa kidogo, maana anatoka mbali. Akamsubiri juani mpaka alipofika.