Ahadi ya Jina

Mwatumu hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka mitatu alifanya kazi kwa Bibi Nuala, kule mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya juu mlimani, na zipo siku ambazo maneno yake yote yangeenea kwenye kijiko cha chai. Kwa hiyo siku alipotoa ahadi, aliyeshangaa zaidi ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Bibi Nuala, ajuza wa miaka themanini na minne, mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa anafunga vitu vyake. Mpwa wake alikuwa anakuja kumchukua akatunzwe kwao. Mwatumu, mwenye mimba ya miezi minane, na kipimo kimesema ni wa kiume, alikuwa amekaa akikunja mashuka, kwa sababu Bibi alimkataza kusimama. Mimba ile ilitaka kutoka ilipokuwa na miezi mitano, na Bibi ndiye aliyemlaza kwenye kitanda chake mwenyewe wiki saba, akimpikia uji wa shayiri usio na sukari na kusimama pale mpaka bakuli liishe.

"Kwetu majina yana maana," Bibi akasema, kwa kile Kiingereza cha polepole alichomwekea Mwatumu peke yake. "Colm ni njiwa. Fintan ni wa nywele nyeupe. Kieran ni Mweusi Mdogo."

Mwatumu alicheka mpaka akashika tumbo. "Bibi, wazungu mna jina hilo? Basi kwetu sote ni akina Kieran."

"Lilikuwa la kaka yangu. Nyumba nzima tulikuwa na nywele nyekundu, yeye akazaliwa na nywele nyeusi tii. Alikuwa akinibeba mgongoni kwenda shule, nisikanyage matope. Alikufa hajaoa. Hakuna aliyempa mtoto jina lake."

"Nitampa mimi," Mwatumu akasema.

Bibi aligeukia dirisha, akakaa hivyo mpaka mashuka yakaisha.

Tatizo ni kwamba jina la mtoto wa kwanza wa kiume si la mama kutoa. Ni la upande wa baba, na Mwatumu alilijua hilo kabla hajajua kusoma, kusoma kwenyewe alikokuacha darasa la nne. Alimficha mumewe Selemani mpaka mtoto alipozaliwa. Siku ya tatu, ndani ya fleti yao ya mtaa wa Turffontein, jiji lile lile la ugenini, akamwambia huku akiangalia sakafu.

Selemani alisikiliza mpaka mwisho. "Eish, Mwatu. Umegawa ng'ombe wa jirani."

"Najua."

"Mama yuko kwenye basi toka Tanga, siku ya nne leo, anakuja na jina mkononi. Marehemu baba alikufa akimsubiri mjukuu. Nimwambie nini? Kwamba mjukuu wake ni mzungu wa Ayalandi?"

"Basi mwambie Bibi asije kwenye akika Jumamosi."

"Mwambie wewe. Aliyeahidi si mimi."

Mwatumu alipiga simu mara mbili. Mara zote mbili Bibi alipoitika, Mwatumu aliishia kumuuliza hali ya goti lake.

"Goti linasafiri Jumapili," Bibi akasema. "Lakini Jumamosi nakuja kusikia jina."

Siku ya saba ikafika. Nyama ya akika ilikuwa jikoni, sebule imejaa watu wa Tanga na Unguja, viatu vimefurika mpaka kwenye ngazi. Bibi Nuala aliwekwa kwenye kochi, amejifunga mtandio mpya. Mtoto akanyolewa. Kisha mwalimu wa madrasa akasema kwa sauti: "Yasini bin Selemani."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Shufaa, mama yake Selemani, alifuta macho kwa pindo la kanga, maana jina la mumewe lilikuwa limerudi nyumbani.

Bibi Nuala hakujua Kiswahili, lakini alijua jina alilolisubiri, na alijua kwamba silo hilo. Alimtazama Mwatumu, akatabasamu, akamtikisia kichwa polepole, kana kwamba anamwambia si neno. Hapo ndipo Mwatumu alipoumia. Angekasirika ingekuwa afadhali.

Mtoto akalia. Bi Shufaa akamleta kwa mama yake. "Haya, mpokee mume wangu, ana njaa. Lakini chunga ulimi, huyu sasa ni baba mkwe wako."

Wanawake wakacheka, kwa kuwa walijua desturi. Kwao mke hamtaji baba mkwe kwa jina, hata akiwa kaburini. Mtoto akipewa jina hilo, mama hutafuta lake la kumwitia.

"Mwite Babu," mmoja akasema.

"Babu na meno hana? Mwite Mzee."

"Mwite Bosi, huyo ndiye atakayekukeshesha."

Mama yake Mwatumu alimwita mwanawe mkubwa Bwana Mkubwa maisha yake yote. Mwatumu alikulia ndani ya desturi hiyo, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ingekuwa zamu yake, na kwamba jina hilo la pili ni la mama kuchagua. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Nitamwita Kieran," akasema.

"Nani?" Bi Shufaa akauliza.

"Kieran, mama."

Selemani akainua macho kuangalia dari. Bi Shufaa akamgeukia Bibi Nuala, akamtazama toka mtandio mpaka soksi. "Ni jina la kwao huyu?"

"La kaka yake," Selemani akasema. "Maana yake Mweusi Mdogo. Alikufa bila mtoto."

"Hata wa kumtaja hakuacha?"

"Hata mmoja, mama."

Bi Shufaa alikishika kile kichwa kilichonyolewa. "Mweusi ni mweusi kweli, hilo kachukua kwa babu yake," akasema. "Sawa. Kwenye cheti ni wangu. Mdomoni mwa mama yake, hiyari yake."

"Wanasemaje?" Bibi Nuala akauliza.

Mwatumu hakueleza. Alikwenda kuketi kwenye kochi, bega kwa bega na Bibi, mtoto akiwa kifuani, akainama, akamwita Kieran.

Bibi alishika ukingo wa mtandio kwa mikono miwili. "Tena," akasema. "Niondoke nalo masikioni."

Akamwita tena, na tena, safari hii kwa sauti ya kufika jikoni, mpaka Bi Shufaa akasema, "Mwache anyonye, mwanangu. Jina haliishi."