Gauni la Miaka Minne

Kaka yangu, fundi cherehani, amefungwa mwaka wa sita sasa, na huko gerezani bado anashona. Mimi humtembelea peke yangu. Bintiye sijawahi kumpeleka, eti asije akaumia roho.

Juzi kaka alinipa gauni alilomshonea. Nilipomvalisha, halikupita hata mabegani. Lilikuwa la mtoto wa miaka minne, na huyu ana kumi! Nikawaka: "Baba yako naye! Fundi gani huyu asiyejua vipimo?"

Mtoto hakulia. Alilikunja lile gauni taratibu, akalipakata.

"Usimseme baba, shangazi," akaniambia. "Amenishonea vile alivyoniacha. Nipeleke akanipime."