Risasi Mia Mbili za Kulainisha

Anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu, na guu la Metrine lilikuwa namba thelathini na tisa, sawasawa na la Madam Wafaa. Kwa sababu hiyo kila kiatu kipya kilichoingia katika nyumba ya Al-Rawdah, Jeddah, kilivaliwa kwanza na Metrine. Alikivaa akipiga deki, akipiga pasi, akipanda na kushuka ngazi na vikapu vya nguo, siku saba, mpaka ngozi ilegee na visigino vyake vichubuke. Siku ya nane Madam alikivaa mwenyewe, akasema viatu vya siku hizi ni laini kweli.

Basi Madam aliponunua bastola mpya, akaambiwa kwamba chuma kipya hutaka risasi mia mbili kabla ya kutulia, hakuna aliyeuliza nani atazipiga.

Bastola ilikuwa Riyadh, kwenye klabu ya shabaha ambako Madam alikuwa amejiandikisha kwa mashindano ya wanawake. Walikwenda kwa ndege, Metrine akisafiri kwa ikama yake, kile kikadi cha ukaazi, kwa kuwa pasipoti hakuwa nayo. Alikwenda kwa furaha. Mkataba wake wa miaka miwili ulikwisha mwezi Machi, na tangu Machi, kila alipouliza pasipoti, Madam alimjibu kwamba iko Riyadh kwenye ofisi ya wakala, na mudiri wa ofisi amesafiri. Sasa yeye mwenyewe yuko Riyadh. Kwenye simu yake alikuwa na barua kutoka nyumbani Bungoma: amepata kazi ya upimaji ardhi, aripoti tarehe mosi Julai, asiporipoti nafasi atapewa mwingine. Alikuwa na diploma ya kazi hiyo, na kwa miaka miwili alikuwa amepima vyumba vya Al-Rawdah kwa ufagio. Tarehe ilikuwa ishirini na nne Juni.

"Leo tunapitia ofisini, Madam?" aliuliza asubuhi hiyo ndani ya teksi.

"Mudiri hajarudi, mwanangu. Kesho, inshallah. Viatu vinakubana?"

"Vinabana."

"Basi tembea tembea."

Zilikuwa buti za mashindano, nyeusi, zimebakiza siku moja ya kulainishwa.

Madam Wafaa alimwita Metrine mwanangu kwa sababu walizungumza lugha moja. Ukoo wa Madam na wa mumewe, Baba Hamdan, ulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Bibi yake Baba alishuka Jeddah bila karatasi hata moja, na kila Ramadhani kisa hicho kilisimuliwa mezani mpaka watu wakafuta machozi. Kitu cha kwanza alichonunua bibi huyo baada ya kupata kazi kilikuwa kabati la msaji lenye kitasa, ili siku akipata karatasi awe na pa kuziweka. Kabati lilikuwepo mpaka leo, kwenye ukumbi wa juu. Wafanyakazi walilifuta vumbi kwa nje. Waliambiwa ndani mna kanga za marehemu.

Mkufunzi wa klabu alikuwa Bi Badriya, binti ami yake Madam, mwanamke mnene mwenye miwani ya njano na sauti ya kuuzia samaki. Aliiweka bastola mezani juu ya kitambaa.

"Tazama, haina nyundo nyuma," alisema. "Hakuna kinachochomoza kikakwama kwenye nguo. Pini ya kupiga risasi imejificha ndani, inangoja kwenye springi. Wewe kazi yako kidole tu. Ushawahi kushika?"

"Sijawahi."

"Wakenya nyinyi! Mnakimbia tu, hata cha kukimbizia hamjui?"

"Sisi tunakimbia mbele, Bi Badriya. Nyinyi mlikimbia na bahari."

Bi Badriya alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu Wafaa umemtoa wapi? Huyu ana ulimi." Akafungua daftari. "Haya, piga, unambie kila unachokiona. Bastola mpya haisemi, asemaye ni mkono."

Metrine aliishika. Mpini ulikuwa na vichembe vya kukwaruza, kama ulimi wa paka, na ulikaa kiganjani kana kwamba mtu alikipima usiku yeye akiwa amelala. Ilikuwa nyepesi kuliko pasi ya mvuke. Baada ya kuingiza magazini ya risasi kumi na tano ilipata uzito wa mbele, uzito mzuri, wa kitu kinachojua kinakoelekea. Kuvuta chuma cha juu kulikuwa kugumu kwa upya; alikivuta mara mbili. Akafumba jicho la kushoto kama alivyofundishwa chuoni kwenye mashine ya kupimia pembe, akazipanga zile nukta tatu za kijani mstari mmoja, akashusha pumzi.

Kifyatulio kilikuja bure mwanzoni, kama jino linalolegea. Kikagota, kama kimefika ukuta. Akasukuma ule ukuta kidogo, ukavunjika mara moja, safi, kama ganda la karanga iliyokaangwa vizuri.

Mlio ulimwingia kifuani. Mkono ulitikiswa nyuma na juu, bila ubaya, kama kusalimiwa na mjomba mwenye furaha, na zile nukta tatu zikarudi zenyewe mahali pake. Ganda la shaba lilimwangukia shingoni, la moto.

"Ehe?" alisema Bi Badriya.

"Naweza kupiga tena?"

Alipiga zote kumi na tano. Aligundua kwamba hakuna haja ya kuachia kidole chote. Ukikirudisha nusu tu, unasikia kitu kinajifunga ndani, tik, tayari kwa risasi inayofuata. Alimweleza Bi Badriya hilo kwa kelele, kwa sababu ya vizibo vya masikio, na Bi Badriya aliliandika. Magazini ilipokwisha Metrine alikuwa anacheka, na hakukumbuka mara ya mwisho kucheka kwa sauti ilikuwa katika nyumba ya nani.

Karatasi ya shabaha ililetwa. Ilikuwa safi. Haikuwa na tundu hata moja.

"Zimekwenda wapi?" aliuliza Madam.

Simu yake ikaita. Alikuwa Baba Hamdan, kutoka Jeddah, kilomita mia tisa na zaidi.

"Mwambieni anayepiga ateremshe mkono kidogo," alisema Baba. "Kabati la bibi lina matundu kumi na tano, mlango wa kati, upande wa juu. Nimemwambia Rita asogeze meza ya kupigia pasi."

"Yamekaribiana?" aliuliza Bi Badriya.

Baba aliondoka kwenda kutazama. "Shibiri moja. Pungufu ya shibiri."

"Kwa masafa hayo! Kwa mkono wa kwanza!" Bi Badriya aliandika kwa furaha. "Wafaa, umenunua kitu."

Madam naye alifurahi. Aliuliza kama waache. Bi Badriya akasema risasi mia mbili ni mia mbili, ukikatiza katikati chuma huchukua tabia mbaya. Baba alisema kabati atalishughulikia fundi. Na pia, Madam alisema, karatasi za shabaha hazitumiki, si vibaya. Wakamjazia Metrine magazini ya pili.

Alipiga ya pili, akapiga ya tatu. Kati ya ya tatu na ya nne simu yake ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Rita, Mkenya mwenzake wa pale nyumbani, akinong'ona.

"Metrine, skiza. Baba ameshuka kuongea na fundi wa mbao wa mtaa wa Ghulail. Nimechungulia kwa hizo mashimo. Hakuna kanga huku. Kuna vitabu vya blue, zimefungwa na raba ya nywele. Ni pasipoti, msee. Zimejaa."

Metrine alisikiliza mara mbili. Kisha akaandika kwa kidole kilichonukia baruti: *Kitasa kiko umbali gani kutoka shimo la chini kabisa? Pima kwa kiganja.*

*Viganja vitatu na vidole viwili, kulia,* alijibu Rita. *Si ukuje tu na nyundo.*

*Hii haina nyundo,* aliandika Metrine, akarudi mezani.

Kuanzia hapo alipiga kama mpimaji. Alitoboa tundu moja la majaribio, akamngoja Rita amtumie vipimo, akasahihisha. Tundu la pili likakaa alipolitaka. Kisha akaanza kuchora duara kuzunguka kitasa, tundu kando ya tundu, kwa utaratibu ule ule wa kuweka vigingi vya mpaka wa shamba. Mikono ilikuwa imeshazoea. Chuma cha juu kilikuwa kimeanza kulainika, kinateleza kama droo iliyopakwa sabuni, na mapigo yalikuja kwa mdundo mmoja: ukuta, karanga, mjomba, tik. Jasho lilimtiririka mgongoni, miguu ilimwaka ndani ya buti, na hakutaka kuketi.

"Unaonaje sasa?" aliuliza Bi Badriya.

"Kidole kinafika kabla yangu!"

"Hiyo niandike?"

"Iandike, tena kwa herufi kubwa!"

Baba Hamdan alipiga simu mara mbili zaidi. Mara ya kwanza kusema kwamba matundu yanafanya umbo. Mara ya pili kusema kwamba fundi amefika, lakini amesema hawezi kuziba kitu ambacho bado kinatobolewa, kwa hiyo amepewa chai.

Risasi ya mia moja themanini na saba ilifunga duara. Jeddah, kitasa kilianguka sakafuni pamoja na kipande chake cha mti, cha mviringo kama sahani ya kahawa, na mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Rita alipiga simu ya video, na kwa kuwa Metrine alikuwa na vizibo masikioni, aliweka sauti juu kabisa.

"Ziko kumi na moja," alisema Rita, akizipekua. "Priscilla. Stacy. Hii sijui kusoma, ni ya Ethiopia. Wewe hii hapa, Metrine, sura kama unataka kupiga mtu. Na hii..." Aliifungua. "Hii ni yangu. Si mliniambia yangu iko kwa ubalozi?"

Kila mtu kwenye klabu alisikia. Madam Wafaa alikuwa anafuta miwani yake ya kinga.

"Ni amana," alisema. "Tunawawekea zisipotee. Wasichana hupoteza vitu."

"Priscilla mlisema alitoroka," alisema Metrine.

"Alitoroka."

"Alipanda ndege na nini?"

Madam aliinua miwani kwenye taa kutazama kama imetakata. Bi Badriya alihesabu maganda yaliyokuwa sakafuni.

Kwenye simu, Baba Hamdan alionekana akipanda ngazi na foronya. Rita alikuwa ameishika pasipoti yake kwa mikono miwili, ameifungua kwenye picha, ile aliyopigwa akiwa na nywele ndefu. "Rudisha, mwanangu, zisichanganyike," Baba alisema kwa upole, akaitanua foronya. Rita aliishikilia kidogo zaidi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na nyuma ya fundi, chini ya ngazi, mlango wa nje ulikuwa na kitasa cha namba ambazo Rita hakuzijua. Akairudisha. Zote kumi na moja ziliingia kwenye foronya, na simu ikazimwa.

"Bado kumi na tatu," alisema Bi Badriya.

Metrine alizipiga. Zilitua kwenye karatasi ya shabaha, mita kumi mbele yake, kama risasi za mtu yeyote, zote katika tundu moja lisilozidi sarafu. Bi Badriya alikunja karatasi akaiweka ndani ya daftari. Bastola imekubali, alisema. Sasa iko tayari kwa mwenyewe.

Kabla ya alasiri Baba Hamdan alikuwa ameshanunua sefu ya chuma. Alipiga simu kueleza. Mwenye duka alimhakikishia kwamba haipenywi na moto, wala na risasi kutoka Riyadh; kuhusu Dammam hakutoa ahadi. Foronya ilikuwa imeshaingia ndani. Fundi alikuwa anaziba kabati kwa vumbi la mbao na gundi.

"Madam," alisema Metrine, "mkataba wangu ulikwisha Machi. Naomba pasipoti yangu."

"Mudiri hajarudi," alisema Madam Wafaa. "Kesho, inshallah, tutamuuliza."

Alilisema kwa sauti ile ile ya asubuhi. Kisha akakumbuka jambo, akaiweka simu katikati ya meza, sauti wazi.

"Lakini Baba ameumia. Kabati la bibi yake lile. Mwambie neno, Metrine, yaishe. Halas."

"Si kwa ubaya, mwanangu," ilisema sauti ya Baba. "Marehemu alilipenda sana."

"Neno moja tu," alisema Bi Badriya bila kumtazama. "Ulimi hauna mfupa."

Mikono ya Metrine ilikuwa bado inanguruma kwa ndani, mjomba bado anaitikisa. Aliketi kwenye benchi. Akafungua kamba za buti ya kulia, kisha za kushoto, akazivua. Soksi zilikuwa na damu kisiginoni. Alizipanga buti mezani, kando ya bastola, ncha zikimwelekea Madam.

"Vimelainika," alisema. "Kabati nimelitoboa mimi, Baba, tundu moja moja. Siombi msamaha."