Tangazo la Kuuza Cae Garw

Eluned hakutaka kuiuza nyumba ya Cae Garw. Aliitangaza ili isinunuliwe.

Ungemweleza mtu wa mjini Cardiff angekuona umechanganyikiwa, lakini kule milimani juu ya Tregaron kila mtu alimwelewa. Baba yake aliijenga nyumba ile kwenye ardhi ya malisho, na halmashauri ilimpa kibali kwa sharti moja: atakayeishi humo awe mkulima au mfugaji, au aliyestaafu kazi hiyo, au mjane wake. Baba alifuga kondoo. Alipofariki, mama alibaki kama mjane na hakuna aliyemgusa. Malisho yakauzwa kipande kwa kipande. Kisha mama naye akafariki, na Eluned, binti pekee, akarithi nyumba ambayo haruhusiwi kuishi ndani yake. Ujana wake wote ulikuwa umeishia mjini akitengeneza miwani. Kondoo aliwajua kwa kuwatazama dirishani.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Uitangaze mwaka mzima kwa bei ya haki, wakulima waione. Asipojitokeza hata mmoja, uombe sharti liondolewe.

"Wakulima vijana hawana hela," alisema Bwana Prydderch, dalali. "Wenye hela wana nyumba zao. We tulia tu. Krismasi ijayo utachoma bata bukini jikoni kwa mama yako."

Akatulia. Kila Jumamosi aliendesha gari hadi huko kuwasha moto nyumba isiote ukungu. Alikaa jikoni na koti lake mwilini, akisikia mto chini ya bonde, akipanga moyoni pazia gani litoke na lipi libaki. Mjini walimwita Lyn, maana Eluned liliwashinda ulimi. Huku hata mtu wa posta alimwita jina lake lote, na kila alipolisikia, kitu kifuani kililegea.

Mwezi wa tisa wa tangazo, Prydderch akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani.

"Kuna mtu, Eluned. Mfugaji kabisa."

Mfugaji mwenyewe aliitwa Heulwen, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mashavu yaliyobabuka kwa upepo. Alikodi malisho ya watu na kuishi kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, nyuma ya ghala la jirani. Alivua mabuti mlangoni bila kuambiwa, akapita moja kwa moja hadi jikoni.

"Unaijua njia," Eluned alisema.

"Ah, dada, nisikufiche. Mama yako alikuwa ananipa maji ya moto ya kuoga kila Jumatano. Kwenye karavani unaoga kwa zamu, leo mguu huu, kesho ule." Akacheka, kisha akaacha. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Wivu ulimchoma Eluned mahali asipopatarajia. Jumatano zote hizo yeye alikuwa mjini akimpigia mama simu ya dakika tano.

"Benki imekubali," Heulwen alisema. "Bei yenu nalipa yote, sipunguzi hata peni."

"Nyumba haiuzwi."

"Mbona kuna tangazo?"

Heulwen alimtazama, akatazama pazia jipya lililokunjwa kitini, akaelewa.

"Alaa! Kumbe mlikuwa mnatusubiri tusije."

Akavaa mabuti yake akaondoka, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Eluned zaidi.

Prydderch hakumung'unya maneno. "Ukimkataa mfugaji mwenye pesa mkononi, sharti halitoki ng'o. Utakuwa na nyumba usiyoweza kulala ndani."

"Na nikifuga?"

"Kwa umri wako? Kuku sita si ufugaji, mama."

Alimkataa Heulwen hata hivyo. Kiangazi kizima aliendelea kuja Jumamosi zake, akiwasha moto na kuuzima jioni kama mwizi. Siku moja alifungua kabati la mama ili anuse koti lake la kanisani, kama alivyozoea. Harufu ya mama haikuwepo. Ilikuwa ya ukungu tu, na kola imeota madoa ya kijani. Alikaa kitandani akalia hadi moto chini ukafa wenyewe.

Watu walisema baadaye aliuza kwa wema. Haikuwa wema. Alishindwa tu kuitazama nyumba ikifa mikononi mwake. Alimpigia Heulwen mwenyewe, bila kupitia kwa dalali, akasema, "Njoo uichukue kabla sijabadili mawazo," akakata simu.

Hakurudi msimu wote wa baridi. Mwezi Machi simu ikalia.

"Dada Eluned, nimezidiwa. Kondoo wanazaa usiku na mchana, sijala kitu cha moto tangu juzi. Huwezi kuja hata unipikie?"

"Sharti je?"

"Sharti linakataza kuishi, halikatazi kupika supu!"

Akaenda. Alipika supu ya kondoo na viazi na vitunguu vya liki, akafua matambara yenye damu, akamnywesha mwanakondoo yatima maziwa ya chupa mbele ya jiko. Heulwen alikuwa amepaka kuta rangi ya njano, ambayo Eluned asingeichagua kamwe. Alipewa chumba chake cha utotoni. Alilala akisikia mto.

Alfajiri birika lilipiga mluzi. Eluned, bado nusu ndotoni, alishuka ngazi pekupeku akisema, "Mama, usinyanyuke, nalitoa mimi."

Jikoni Heulwen alikuwa amesimama mbele ya jiko, matope hadi magotini. Hakugeuka. Alitoa kikombe cha pili, akamimina chai.

"Kaa," alisema. "Bado iko moto."

Eluned akakaa. Nje kondoo walikuwa wakiita, na hakumjua hata mmoja wao.