Farasi Mweupe wa Mwalimu Magdalena

Agatha alikuwa hajawahi kumwona farasi kwa macho yake. Pale Masasi mjini, alikouza dawa za mifugo na za mikorosho, mnyama mkubwa aliyepita mbele ya duka lake alikuwa ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Hata hivyo, katika ule mchezo wa simu wa kufuga na kushindanisha farasi, Watanzania waliokutana kwenye kundi lao la WhatsApp walikuwa hawanunui mnyama kabla ya kumuuliza yeye.

Mchezo wenyewe haukuwa kamari. Mtu alianza na banda tupu, akafanya vibarua kwenye mabanda ya wenzake, kulisha, kuzoa samadi, kuchana manyoya, hadi sarafu za mchezoni zikatosha kumpeleka mnadani. Hapo ndipo wengi walipoharibikiwa, kwa sababu walinunua rangi. Agatha alinunua kama marehemu baba yake alivyonunua mbuzi kule Chidya. Baba alikuwa akisema mbuzi aliyesimama ni mzuri siku zote, mwambie atembee. Basi Agatha alifungua ukurasa wa kila farasi, akasoma umri, wazazi, mbio alizokimbia, na zaidi ya yote siku alizopumzika kati ya mbio moja na nyingine. Farasi aliyekimbizwa kila baada ya siku mbili, hata awe ameshinda zote, Agatha alimpita kama mtu anavyompita samaki aliyelegea macho.

Ni katika kundi hilo alipojuana na Emmanuel wa Newala. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mgane wa miaka arobaini na mitano, baba wa binti mmoja aitwaye Mabel aliyekuwa anasoma bweni. Aliimba besi kwaya ya kanisani. Walianza kwa kuzungumza farasi, wakafika kuzungumza maisha yao. Agatha, aliyekuwa na miaka thelathini na minane na aliyekwisha kuchoka na wanaume wanaosubiri tu amalize kusema ili waseme wao, alivutwa na jambo moja: mtu huyu alikuwa anasikiliza. Aliuliza, akajibiwa, na wiki mbili baadaye alikuwa bado anakumbuka jibu.

Mwezi wa nne Emmanuel alimuuliza kuhusu sindano ya nguvu. Agatha akamrekodia maelezo marefu. Sindano ile, alimwambia, imewekwa mchezoni kwa ajili ya vitoto dhaifu. Lakini wapo watu wanaomchoma farasi aliyechakaa. Kwa siku tatu kila kipimo chake kinaonekana kimejaa, miguu inaonyesha kijani, na siku ya nne anaporomoka. Tarehe ya sindano hubaki chini ya ukurasa wake, ila akihamishiwa banda jingine inafutika. "Kwa hiyo ukiona farasi amehamishwa jana na leo yuko mnadani, kimbia," alimaliza.

"Ahsante sana," Emmanuel alijibu. "Hilo nisingelijua."

Miezi miwili baadaye, Mwalimu Magdalena alinunua farasi.

Mwalimu Magdalena ndiye aliyemfundisha Agatha kusoma na kuandika, shule ya msingi kule kijijini, na sasa alikuwa mstaafu anayeishi peke yake Masasi. Mwaka uliopita kiharusi kilikuwa kimemlaza, kikamwachia mkono wa kushoto usiotii. Hospitali walimwambia avifanyishe kazi vidole. Agatha akamwekea mchezo ule kwenye simu, na kwa miezi minne mama yule alizoa samadi ya mabanda ya watu kwa kidole kimoja kinachotetemeka, sarafu moja moja. Agatha alikuwa amemwonya asinunue bila kumpigia kwanza.

Naye alipiga. Ilikuwa msimu wa salfa, wakulima wamejaa dukani wakiulizia ya kupulizia mikorosho, na Agatha aliiona simu ikiita akaiacha. Jioni alipopiga, Mwalimu alikuwa amekwisha kununua: farasi jike, mweupe kuanzia masikio hadi mkia, miaka mitano, kutoka banda liitwalo Amani. Alikuwa amempa jina la Mwali.

"Nimeangalia miguu kama ulivyonifundisha," alisema kwa fahari. "Yote kijani."

Agatha alimpongeza. Alikuwa amechoka, na hakufungua ule ukurasa.

Siku ya nne Mwalimu alimwingiza Mwali kwenye mbio zake za kwanza. Alitoka vizuri, akawa wa tatu, na kwenye kona mguu wa mbele ulivunjika. Mchezo haukuficha kitu. Ulionyesha mguu ukikunjika mahali pasipo na kiungo, turubai la kijani likizungushwa ili asionekane akimalizwa, kisha banda tupu, na ukurasa wa farasi ukafutika wote.

Agatha alimkuta Mwalimu amekaa kitandani, simu ameifunika kwa khanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimemuua yule mnyama. Nilibonyeza mimi mwenyewe aingie mbioni."

"Hukumuua wewe."

"Nani basi?"

Agatha alihisi ni ile sindano. Lakini ukurasa ulikuwa umefutika, na banda la Amani alikuwa halijui ni la nani. Tangu siku hiyo Mwalimu hakugusa tena mchezo, na vile vidole vikaanza kurudi kukunjamana.

Mwezi wa saba Emmanuel alimwalika Newala, awaone watu wake kabla mambo ya posa hayajapelekwa kwa wazee. Agatha alishona gauni jipya, akapanda basi la asubuhi. Alipokelewa na Yasinta, dada yake Emmanuel, mwanamke mpole aliyemwita wifi tangu mlangoni na kumtolea maji ya kunawa kwa uangalifu wa watu wanaoishi mahali ambapo maji hununuliwa kwa madumu. Nyumba ilikuwa safi. Picha ya marehemu mke ilikuwa ukutani, na chini yake cheti cha kwaya. Palikuwa na kuku wa kienyeji, wali wa nazi, mbaazi. Emmanuel mwenyewe alikuwa mchangamfu kuliko sauti yake ya simuni, na alisema baada ya chakula watakwenda kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, aone nchi inavyoshuka hadi mto Ruvuma.

Agatha alifurahi. Hilo lilimuuma baadaye alipolikumbuka, kwamba kwa karibu saa nzima alikaa pale akiwa na furaha.

Walikuwa katikati ya chakula Emmanuel alipoanza kucheka peke yake.

"Nina jambo la kukuonyesha, mwalimu wangu," alisema. "Nilitaka nikuonyeshe uso kwa uso. Unajua nina banda la pili?"

"La pili?"

"La kuuzia. Kwa lile la kwanza nalinda jina langu." Alikuwa ameshika paja la kuku kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, wenye mafuta hadi kwenye kiganja, akawa anapekua simu. Mafuta yalibaki kwenye kioo kama njia za konokono. "Nawakimbiza hawa wadogo tangu wana miaka miwili, kila siku, mpaka wachakae. Nawachoma ile sindano. Nawahamishia huku, tarehe inafutika, kama ulivyosema. Kesho yake mnadani. Weupe ndio wanaondoka haraka, hawa wageni wanapenda weupe."

Agatha alikuwa na tonge mdomoni. Hakuweza kulitafuna wala kulitoa.

"Kuna bibi mmoja," Emmanuel aliendelea, "huyo ndiye alinimaliza. Alinunua kwangu farasi hata kutembea hawezi. Halafu soma alichoniandikia."

Alimpa simu. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la banda: Amani. Chini yake, kwa herufi zilizokosewakosewa, kama za mtu anayeandika kwa kidole kisichotii, palikuwa na ujumbe: Ahsante mwanangu kwa kuniuzia mnyama mzuri. Mimi ni mgonjwa sikujua kama nitafika hapa. Nitamtunza. Mungu akubariki na watoto wako.

Emmanuel alikuwa amejibu kwa picha ya mikono iliyounganishwa kusali.

Sasa alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika, na punje ya wali ilikuwa imenasa pembeni mwa mdomo wake, inapanda na kushuka. Agatha aliitazama punje ile. Haikuwa hasira, hasira angeijua. Ilikuwa kama kufungua mfuko wa mahindi uliokaa vizuri ghalani na kukuta ndani yote yamekuwa funza.

Alilitema tonge mkononi, akaliweka pembeni mwa sahani.

"Huyo bibi ndiye aliyenifundisha kusoma," alisema.

Emmanuel aliacha kucheka, lakini tabasamu lilichelewa kumtoka usoni. "Unamfahamu?"

"Anaitwa Mwalimu Magdalena. Ana kiharusi. Alichuma sarafu zile miezi minne."

"Aisee. Ningejua ni mtu wako nisingemuuzia."

Agatha alimtazama. Lile neno lilimchukiza kuliko kicheko.

"Na ungemuuzia wa nani?"

"Agatha, ni mchezo. Hakuna farasi pale. Ni picha. Nitamrudishia sarafu zake leo hii, mara mbili yake, kama ndiyo hilo."

"Ulimsoma ni mgonjwa ukacheka."

"Kila mtu anafanya hivi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Hapo alikuwa amesema kweli, na Agatha aliinuka asije akatapika juu ya meza ya watu. Alikwenda uani akajimwagia maji mikononi, akasugua vidole, akasugua tena. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamrudia masikioni, ile ya mwezi wa nne, yenye raha ya mtu anayejua jambo na kupata wa kulisikiliza. Alikuwa ameisema ile hila kwa ufasaha. Hakuacha hata hatua moja.

Yasinta alimfuata akiwa na kitambaa cha kujifutia.

"Wifi, chakula kimekuwaje?"

"Chakula ni kizuri, dada. Mimi ndiye siwezi."

Yasinta alikipokea tena kile kitambaa. "Kuku nimempika mimi," alisema. "Usimchukie na yeye." Kisha akaingia ndani, akamletea mkoba wake, akamsindikiza hadi stendi bila kumwita wifi tena.

Agatha alifika Masasi jua halijazama, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alimweleza yote, pamoja na sehemu yake. Alitegemea kuambiwa si kosa lako. Mwalimu Magdalena akawa anaukanda ule mkono wa kushoto kwa wa kulia.

"Kwa hiyo ulijua sumu ilipo," alisema, "ukamwelekeza mtu wa kwaya, mimi hukuniambia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na siku ile nilipokupigia?"

"Niliiona simu. Nilikuwa na wateja."

"Unatia kinyaa, Agatha." Aliyatamka maneno hayo taratibu, kama alivyokuwa akisoma maksi darasani mbele ya wote. "Yeye zaidi. Lakini na wewe kidogo."

Agatha aliinamisha kichwa. Mwalimu akatoa simu chini ya mto, akaifuta kwa khanga, akamwambia asogee karibu na amwonyeshe vile ambavyo hakuwahi kumwonyesha. Wakaanza upya. Siku tatu walizunguka mnadani bila kununua. Mwalimu alizikataa sarafu alizorudisha Emmanuel, akarudi kuzoa samadi. Mwishoni mwa mwezi wa nane alinunua jike wa rangi ya matope, mwenye masikio makubwa, aliyewahi kukimbia mara tano tu na kupumzika wiki mbili kila baada ya mbio. Hakuna mwingine aliyempandia dau. Katika mbio zake za kwanza alikuwa wa sita kati ya tisa, akarudi bandani kwa miguu yake.

Emmanuel alimtuma mshenga. Kaka yake Agatha, Benedikto, alipiga simu kutoka Tandahimba akiwa amekasirika.

"Mtu ana duka, ana nyumba, anasali. Unamkataa kwa ajili ya farasi wa kwenye simu?"

"Nimekaa naye mezani, kaka. Siwezi kukaa tena."

"Alikufanya nini?"

"Mimi hakunifanya kitu."

Benedikto alisema hamwelewi, na hadi leo anasema hivyo.

Jambo moja lilibaki. Agatha aliandika kwenye kundi onyo refu kuhusu sindano ya nguvu na jinsi tarehe inavyofutika, ili mgeni yeyote ajue kujilinda. Jina la mtu hakulitaja. Alikaa dukani akisubiri majibu. Watu watatu walimshukuru. Wengine waliweka picha za kucheka. Na kabla ya saa sita mchana wawili walimwandikia pembeni, mmoja kwa heshima kabisa, akianza na shikamoo, wakiuliza sindano hiyo inapatikana ukurasa gani.

Agatha aliufuta ujumbe wa kwanza. Wa pili akaufuta pia. Kisha akaenda nyuma ya duka kunawa mikono.