Neno Zito la Lango la Maji

Machano mfinyanzi alikuwa akichora neno la mia mbili na tatu la lugha ya mabwana juu ya kigae, mbele neno, nyuma maana, kama alivyojifundisha mwenyewe: maneno matano kwa siku, hakuna kuruka. Katika nchi ya Kwezani mabwana walikaa kilimani penye chemchemi, wakinena Kijuu, na ombi lolote la watu wa bondeni lilipimwa kwanza mizanini, neno kwa neno, kabla ya kusomwa, na lililo jepesi lilirudishwa. Maneno ya bondeni yalikuwa mepesi kama pumba. Ukitamka "maji", mkono wa mizani hautikisiki. Na Lango la Maji lilikuwa limefungwa tangu mavuno. Lisipofunguliwa kabla ya mwezi kuandama, bonde zima lingehama.

"Mbona hiki nyuma kitupu?" aliuliza mkewe, Bi Mwanahawa.

"Sufrenda. Karani mmoja kaniambia ni kufungua, mwingine kufunga. Wa tatu kanicheka: 'We mfinyanzi, maana huja na cheo!'"

"Basi liache, baba."

"Ndilo zito kuliko yote, mke wangu. Bila hilo mizani hailali."

Akapanda kilima na ombi lake: lango lisufrendwe. Mizani ikalala kwa kishindo. Bwana Mkubwa Faragosi akalisoma mara tatu, akawatazama makarani. Makarani wakatazama vidole vya miguu yao. Akaona haya kuuliza, akagonga muhuri.

"Na lisufrendwe! Leo hii, bila kubakiza!"

Walinzi wawili wa lango nao hawakuthubutu kuuliza, wakagawana maana: wa chini akafungua mfereji wa bondeni, wa juu akafunga wa kilimani.

Siku ya tatu Faragosi aliteremka mwenyewe mizanini, midomo imempasuka, kata mkononi.

"Maji," alisema, kiu imemsahaulisha Kijuu.

Mkono haukutikisika.

"Neno lako jepesi, Bwana Mkubwa," karani alinong'ona.

Na sheria yake mwenyewe ilisema amri haifutwi ila na ajuaye maana yake. Alasiri makarani watatu wakabisha hodi kwa Machano, yule aliyemcheka akiwamo.

"Fundi, shikamoo. Sufrenda maana yake nini?"

Machano alikigeuza kigae. Nyuma kulikuwa kweupe. Alisikia maji yakipita mferejini, wala hakujua kama aliyaomba yeye.

"Sijui," alisema polepole. "Na leo matano yangu nimeshamaliza. Njooni kesho."

Akaliweka kaa la kuandikia juu ya kigae.