Taa Iliyo Mgongoni

Kocha Lohay ananiwekea taa mezani kabla hakujapambazuka. Kaa hapo, Resti, mwili ujue kumekucha. Mashindano ni leo na wewe bado unatembea usingizini. Nakaa. Katika nchi hii ya baridi jua linachungulia tu na kuondoka. Usiku sipati usingizi, mchana miguu inalala, na nikishindwa leo kuna mwingine anayengoja nafasi yangu. Basi naiota taa kama tunavyoota jua kwetu Mbulu, mgongo kwenye mwanga, uso ukutani. Ukuta unalainika, unakuwa barabara, naingia. Nakimbia na barabara inakimbia nami, sipiti hata nguzo moja. Pembeni kuna mji, na ndani ya vioo vya madirisha yake kuna mji mwingine, kichwa chini miguu juu. Mtu asiye na uso, aliyevaa koti la mwamuzi, ananizuia. Kitendawili. Tega, nasema, maana mdomo hauna neno lingine. Kila siku anabisha hodi, mlango uko upande wa pili. Sijui. Basi nipe mji. Nampa Babati, na taa za Babati zinazimika moja moja. Barabara inarudi palepale, mtu ni yuleyule, kitendawili ni kilekile. Nampa Dongobesh. Naogopa, nalia, miguu si yangu tena. Nimebakiwa na Mbulu tu, na huko mama ameketi anaota jua, amenipa kisogo. Mama, nisaidie, jibu ni nini? Anacheka bila kugeuka. Mwanangu, nani hulikodolea jua macho? Nipe mji, anasema yule mtu, na nautoa, Mungu wangu, nautoa.

Mkono unanitikisa bega. We Resti! Siku zote hizi umekuwa ukiipa taa mgongo? Taa hii ni ya macho, binti, mwanga unaingilia machoni! Nageuka. Mwanga unanijaa, uso wa kocha siuoni, naona koti tu. Dirishani ni giza, la alfajiri au la jioni, sijui. Amka basi, anasema, ukishindwa leo watakurudisha kwenu. Kwetu wapi, kocha? Namwuliza kwa dhati, nangoja autaje mji, naye anazima taa.